Konokono Kwenye Upindo wa Leso

Kache aliponikaribisha sebuleni kwake Gede mwezi uliopita, kitu cha kwanza nilichokiona si uso wake, ambao sikuwa nimeuona kwa miaka mingi, bali lile gamba juu ya kabati la vyombo. Lilikuwa limewekwa kati ya picha ya harusi ya bintiye na chupa ya maua ya plastiki, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, likang'aa kana kwamba limepakwa mafuta asubuhi ile ile. Gamba refu kiasi cha kiganja, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili, lenye madoa ya hudhurungi na nyeupe. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu mkononi, mate machungu yakanijaa kinywani, na nikawa sina hakika kama nitaingia au nitarudi zangu Lamu bila kusalimiana na mtu. "Pita ndani shoga, mbona umeganda?" Kache akauliza. Nikamwonyesha kwa kidevu, maana hata kidole sikutaka kukielekeza kule. "Lile nini pale?" Akageuka, akatazama, akacheka kile kicheko chake cha tangu usichana. "Ah, hilo. Si ndilo lenyewe? Lile lile lililonichoma. Limekufa zamani, miye nipo. Liache likae pale linitazame nikinywa chai." Nikaingia, lakini nilichagua kiti cha kuligeuzia mgongo.

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haja ya kulipamba neno hilo. Wanangu wananijua, wakwe zangu wananijua vizuri zaidi. Nikisafiri hubeba kikombe changu mwenyewe, nimekifunga kwenye kitambaa safi, na siku ile ya Gede kilikuwemo mkobani kama kawaida. Sili sahani moja na mtu, sivai kiatu cha mtu, na mtoto akinibusu hupangusa shavu mara tu mama yake akitazama kando. Shuleni tulipata kuletewa mwalimu wa huduma ya kwanza, naye akaja na sanamu la mpira lenye kichwa na kifua, la kujifunzia kumpulizia pumzi mtu aliyekata roho nusu. Wenzangu walipanga mstari wakalipuliza mmoja baada ya mwingine, na kitambaa kimoja tu cha kulipangusia. Nikaitazama midomo ile ya mpira inavyong'aa mate ya darasa zima, nikamwambia mwalimu kwamba heri mgonjwa wangu afe. Darasa lilicheka, mwalimu hakucheka. Nikaamriwa nisimame pembeni nitazame, basi nikatazama: kichwa kinarudishwa nyuma, pua inabanwa, kifua kinainuka. Nilitazama vizuri kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kwa hiyo mtu atauliza mwanamke wa namna hii alifanya nini mwaka mzima katika nyumba ya Bi Zuhura kule Mayungu. Nilivyofika pale si habari ya leo. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na Bi Zuhura alihitaji msichana mwenye mikono laini. Biashara ya nyumba ile ilikuwa makombe ya baharini, yale wanayonunua watalii wakayapange kwenye madirisha yao huko kwao wasijue yametoka wapi. Mimi najua yametoka wapi. Yametoka kwenye ndoo. Kombe zuri halichemshwi, kwa sababu maji ya moto huliua rangi, basi mnyama aliyemo ndani huachwa aoze mwenyewe. Uani kwa Bi Zuhura kulikuwa na ndoo na mapipa yaliyofunikwa magunia, na chini ya mkorosho shimo la mchanga ambamo makombe mengine yalizikwa ili sisimizi na funza wafanye kazi yao. Gunia likiinuliwa, harufu ilikuwa haipandi puani tu, ilikaa kwenye ulimi. Maji yalikuwa meusi yenye utando, na juu ya utando kitu kikitembea. Kisha wanawake walikaa kwenye vibao wakavuta kilichobaki kwa waya uliopindwa, wakikikung'uta chini, na kuku wa Bi Zuhura wakaja mbio kukidonoa. Mayai ya kuku wale niliambiwa ni matamu. Sikuyaonja.

Kazi yangu mimi ilikuwa ya mwisho, kuyapaka mafuta ya watoto makombe yaliyokwisha kuoshwa na kuanikwa, na kuyasugua kwa kitambaa mpaka yang'ae. Niliifanyia kazi hiyo chumba cha mbele, dirisha limefungwa. Bi Zuhura, ambaye hakuwa mtu mbaya, alichoma udi asubuhi na jioni ili wageni wasikimbie, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwani udi haukuifukuza harufu ya uani bali ulikaa nayo, ukachanganyika nayo, ikawa kitu cha tatu kisicho na jina. Mpaka leo nikienda harusini na chetezo kikipitishwa chini ya nguo za wanawake, mimi hutoka nje. Watu husema Bi Mwanaidi anaringa. Siringi, nazuia kutapika.

Chumba cha kulala nilishirikiana na Kache, binti wa Kigiriama aliyetoka mashambani nyuma ya Gede, mwenye meno ya mwanya na mikono iliyoparara kwa chumvi. Yeye alikuwa mtu wa ndoo. Jioni alinawa kwa sabuni na majivu na ndimu niliyomkatia mwenyewe, na bado nilipolala nilijua mikono yake iko upande gani wa chumba. Tulikuwa na vitanda viwili vya kamba, na mimi changu nilikisogeza mpaka kikagusa ukuta. Chakula ndicho kilichokuwa vita yetu. Wanawake wa nyumba ile walikula sinia moja, wali na mchuzi wa papa, au sima na mchicha wa nazi, mikono yote ikiingia humo humo. Mimi nilijipakulia kando. Kache aliona huo ni mchezo mzuri kuliko yote duniani. Alikinyemelea kikombe changu cha chai nikiwa nimegeuka, akanywa funda moja, kisha akakirudisha mahali pake akakaa akinitazama. "Kunywa basi, mbona yapoa?" Nikijua, nilimwaga. Nisipojua, alinisubiri nimalize ndipo aseme. "Sasa mate yangu yashakuwa damu yako, bibi harusi," akaniambia siku moja, nami nikakimbilia uani nikajitia kidole kooni mbele ya wote. Bi Zuhura alicheka hadi akakaa chini. "Huyu ataolewa na nani jamani? Na sabuni?" Kache ndiye aliyeniletea maji ya kusukutua. Nilimchukia, na nilikuwa sipati usingizi mpaka nimsikie amerudi chumbani.

Makombe yalikuwa ya kila aina, lakini lililotafutwa kuliko yote lilikuwa la konokono mmoja tuliyemwita Kitenge, kwa maua ya mgongoni mwake. Bwana Kassim, mchuuzi aliyekuja na pikapu yake kuchukua mali, akiona Kitenge macho humtoka. Yeye ndiye aliyewaambia wanawake kwamba huyo huchoma, kwamba ashikwe upande ule mpana na si upande mwembamba, na wanawake wakajibu kwamba hayo wanayajua tangu kwa nyanya zao. Siku moja Kache aliweka Kitenge hai katika beseni la maji ya bahari ndani ya ghala, ambako ni giza hata mchana, akatia na kisamaki kimoja, kisha akaja kuniita. Alisema kuna kitu kizuri cha kuona. Nilikwenda kwa upumbavu wangu. Konokono alikaa tu kama jiwe, nikataka kuondoka, mara upande ule mwembamba ukatoka mrija mwekundu, laini, unapapasa maji huku na huku. Ulipomfikia samaki ulimgusa, mguso tu, na samaki akakakamaa hapo hapo. Kisha likaja domo. Sijui neno lingine la kuliita. Lilifunguka likapanuka kuliko mnyama mwenyewe, laini, lenye rangi ya ufizi, likamfunika samaki mzima polepole kama soksi inavyovikwa mguuni, na mkia wake ukawa bado unaonekana umo ndani. Baadaye alitema magamba na miba. "Umeona?" Kache akauliza, amefurahi. "Hana meno wala miguu, na samaki hamponyoki." Sijala samaki tangu siku ile. Watu wa pwani huniuliza nina ugonjwa gani.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo haya hayaeleweki. Siku za bamvua, maji yalipokupwa hadi mwamba ukawa wazi, wanawake wote wa nyumba walikwenda kuokota. Kilichotiwa ndooni kilikuwa mali ya nyumba. Lakini kile ambacho mwanamke alikibeba mwenyewe, kwenye upindo wa leso aliyojifunga kiunoni, kilikuwa chake, na hapana aliyemuuliza, hata Bi Zuhura. Ilikuwa heshima ya tangu zamani, na kila mmoja alikuwa na upindo wake wenye kitu kimoja kizuri. Waliamini kwamba konokono akishafungwa kwenye nguo mbichi hujikunyata akalala, na kwa makombe mengi ni kweli. Kache alimpata Kitenge mkubwa kuliko wote waliopata kuonekana mwaka ule. Hakumtia ndooni, na wewe ungekuwa yeye usingemtia. Alimviringisha katika upindo, akaukaza, na akarudi akiimba na yule mnyama amemlalia chini ya kitovu.

Mimi nilikuwa kwenye baraza nikipanga makombe yangu kwenye boksi. Nilimwona akisimama katikati ya ua, akajishika kiunoni. "Kitu kimenichoma," alisema, "kama mwiba tu." Akakaa kwenye kibao, akaendelea na maneno. Baada ya kitambo akasema midomo imekufa ganzi, akaona kuwa ni jambo la kuchekesha, akajaribu kupiga mluzi ikashindikana. Wanawake wakacheka naye. Kisha akasema ananiona niko wawili, na mmoja ananitosha, na maneno yalikuwa yanamtoka yamelegea kama ya mlevi. Kope zikamwangukia. Udenda ukaanza kumtoka, mrefu, ukamshukia kifuani, naye hakuupangusa, na hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu Kache ninayemjua angejipangusa kwa leso yangu makusudi ili nichukie. Alipolala ubavu hakujilaza, alianguka. Mmoja akasema ni pepo wa mwambani, Kache amechukua kitu chake. Mwingine akasema aletewe maziwa. Wakamfungua leso, konokono akabingirika mchangani, na kwenye ngozi ya Kache palikuwa na alama ndogo tu yenye wekundu. Kifua chake kiliinuka kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha sikukiona kuinuka. Bi Zuhura akamwekea kiganja puani, akangoja, akaanza kulia. "Inna lillahi. Maskini mtoto wa watu, alikuwa na kicheko." Wakamfunika uso kwa leso ile ile mbichi.

Bwana Kassim alikuwa amekuja kuchukua mali yake. Alisogea, akautazama mwili, akatikisa kichwa, kisha macho yake yakashuka mchangani. Akachukua kijiti, akamgeuza konokono. "Hili ni la nani?" akauliza. "Zima kabisa, halina hata ufa," akasema, sauti ya chini, ya mtu anayejisemea, na akaliokota kwa koleo la jikoni akalitia katika kopo lake. Nimeona funza, nimeona lile domo, na nilikaa mwaka mzima na harufu ile. Hakuna kilichowahi kunichafua roho kama koleo lile. Nadhani hasira ndiyo iliyonifikisha pale chini, kwa sababu nilikwenda kuifunua ile leso ili tu asiwe amefunikwa mbele ya mtu yule, na nilipoifunua niliona mshipa wa shingoni. Ulikuwa unacheza. Hapumui, ngozi imeanza kugeuka rangi, lakini mshipa unapiga, unapiga.

Nilirudisha kichwa chake nyuma. Kinywa chake kilikuwa kimejaa udenda na matapishi ya chai ya asubuhi, na mikono yake iliyolala kando ilinuka ndoo. Nilichovya ncha ya buibui langu ndani ya kinywa kile nikazoa. Nikabana pua. Sitasema kwamba mapenzi yaliondoa kinyaa, maana hayakuondoa. Nilitapika kando baada ya pumzi za mwanzo, nikapangusa mdomo, nikarudi. Midomo yake ilikuwa baridi na yenye utelezi, na pumzi yangu ilipomtoka ilinirudia usoni na harufu ya tumbo lake. Lakini kifua kiliinuka. Nilimpigia Bwana Kassim ukelele alete pikapu, akasema imejaa, na Bi Zuhura, Mungu amrehemu, akapanda nyuma akayatupa magunia ya makombe njiani moja baada ya jingine mpaka pakapatikana nafasi. Barabara nzima ya kwenda Malindi nilikuwa nimepiga magoti juu ya vigae vya makombe, nikipuliza. Na kati ya pumzi moja na nyingine nilimtukana. Sikuwa na maneno mengine. "Unanuka, Kache! Unanuka kama ndoo yako! Si nilikwambia uoge? Mchafu we! Ukifa nitakupiga, wallahi nitakupiga!" Bi Zuhura akanisihi nimsomee mwenzangu, nisimtukane akiwa safarini. Nikapuliza, nikatema mate nje ya pikapu, nikamtukana tena.

Hospitalini walimtia mashine ya kupumulia, wakaniondoa. Mimi nilikwenda kwenye bomba la uani nikaosha kinywa kwa sabuni ya kufulia mpaka ulimi ukachubuka. Daktari alitueleza baadaye kwamba sumu ile hulegeza misuli tu, kisha mwili huimaliza wenyewe, ilimradi mtu apumuliwe mpaka iishe. Siku ya pili yake Kache akafumbua macho. Nilimwona kwa mbali, mlangoni, akanipungia mkono dhaifu, nami nikampungia. Watu wangu wakaja kunichukua kabla hajatoka, wakisema nyumba ile haifai, na kweli haikufaa. Mwaka wangu wa Mayungu ukaisha hivyo. Baadaye niliolewa Lamu, yeye akaolewa kwao, tukawa tunapeana salamu kupitia watu, kisha kwa simu, na kila tulipozungumza tulizungumza watoto na bei ya unga. Siku ile hatukuigusa hata mara moja. Mimi nilidhani haikumbuki. Mtu aliyekuwa kama maiti atakumbuka nini?

"Ulilipataje?" nikamuuliza sasa, nimeligeuzia mgongo. Kache alikuwa akimimina chai ya maziwa. "Nilikwenda kwa Kassim, mara tu nilipopata nguvu za kutembea. Nikamwambia, nipe changu. Akasema kipi? Nikamwambia: hili ni la nani, zima kabisa, halina hata ufa. Kwa sauti yake vile vile. Shoga, alitetemeka! Alidhani nimetoka kaburini. Alilitoa kabatini kwake, akalifunga na karatasi, akaniongezea na sabuni mche mzima." Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuelewa. "Ulimsikia," nikasema. "Nilisikia yote. Macho yalifumba, mwili ulikataa, hata kidole sikuweza, lakini masikio yalikuwa wazi. Nilimsikia Bi Zuhura akinililia. Nikasikia leso ikiniteremkia usoni. Nikataka kupiga ukelele, sina hewa." Akakoroga chai. Nikajua kinachofuata, nikatamani kuinuka. "Basi ulinisikia na mimi," nikasema. "Njia nzima."

"Njia nzima," akasema Kache. "Kunuka nanuka, mchafu mchafu, ukaahidi kunipiga. Na unajua, mwenzangu, wote walikuwa washanizika. Huyu alikuwa na kicheko, yule hili ni la nani, sijui nisomewe, sijui nifanyweje. Wewe tu ndiye uliyekuwa ukigombana nami. Nikajiambia, ikiwa Mwanaidi bado ana ugomvi nami, basi mimi sijafa. Nikashikilia hapo hapo. Kila ukinitukana najua pumzi nyingine inakuja."

Kache akainua kikombe, akanywa funda moja kujua kama sukari imekolea, akajipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono, na kwa mazoea ya zamani au kwa uchokozi, sijui, akakinyoosha kwangu. Mwanya ule ule, umebaki peke yake sasa kati ya meno yaliyoondoka. Mkoba wangu ulikuwa mapajani, na kikombe changu ndani yake. Nilikipokea chake. Niliona mahali midomo yake ilipogusa, alama ya unyevu kwenye ukingo, na kinyaa kikanijia kama siku zote. Niliinywa chai yote. Sukari ilikuwa imezidi, na nikamwambia.